Usomaji wa Bure na Haki ya Mwandishi

Makala haya yanachunguza swali ambalo limezua mjadala mkali baina ya watunzi, wachapishaji na wasomaji: je, kazi ya fasihi inaposomwa bure mtandaoni, mauzo ya mwandishi huongezeka au hupungua? Tutadai kwamba ndani ya swali hili mna maswali mawili. La kwanza ni la biashara: ni nini huleta faida? La pili ni la maadili: ni nini kilicho haki? Jibu la swali la kwanza haliwezi kusimama mahali pa jibu la pili.

Wanaotetea usomaji wa bure wana ushahidi wa kutosha katika historia ya fasihi ya Kenya. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika Caitaani Mũtharabainĩ akiwa kizuizini Kamiti, na riwaya hiyo ikachapishwa mwaka 1980. Katika Decolonising the Mind (1986), anasimulia jinsi ilivyosomwa kwa sauti majumbani, kazini wakati wa mapumziko ya mchana, na hata katika mabaa. Huko baani, msomaji hodari alikatiza kisa bilauri yake ilipokauka, akangoja wasikilizaji wamjazie. Wasikilizaji hao walimlipa msomaji kwa pombe. Mtunzi hawakumlipa chochote. Hata hivyo, nakala 5,000 za kwanza ziliisha upesi, na kufikia mwisho wa mwaka huo zilikuwa zimechapishwa nakala 15,000. Methali yasema kizuri chajiuza; hapa kilijiuza kwa kusikika kwanza.

Mfano wa pili ni wa enzi ya intaneti yenyewe. Mwaka 2016, jarida la Jalada lilichapisha mtandaoni hadithi ya Ngũgĩ, Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, pamoja na tafsiri zake katika lugha zaidi ya 30. Yeyote aliyeufikia mtandao aliweza kuisoma bila malipo. Mwaka 2019 hadithi hiyo ilitoka kwa Kiingereza kama kitabu cha kuuzwa. Ni dhahiri basi kwamba usomaji wa bure si lazima uue soko.

Lakini mifano hii miwili ina sifa ambazo watetezi huzisahau. Katika baa kitabu kilibaki kimoja. Aliyetaka kukirudia peke yake alilazimika kukitafuta na kukinunua. Katika Jalada, hadithi ilitolewa kwa ridhaa ya mwenyewe. Usomaji wa kwanza ulikuwa mwaliko, na wa pili ulikuwa zawadi. Inatupasa kuuliza hali inakuwaje pale ambapo hakuna mwaliko wala zawadi.

Tuchukue mfano wa Mikinduri, mji mdogo wa soko huko Tigania, Meru. Mchuuzi wa miraa akimwonjesha mteja vijiti viwili, kibunda hubaki, nacho ndicho kinachouzwa. Nakala ya kielektroniki ya riwaya si onjo. Ni kibunda kizima, na anayeigawa hapungukiwi. Sasa tuseme mwanafunzi wa sekondari mjini humo anapokea kwa simu nakala nzima ya kitabu teule. Riwaya kama Chozi la Heri ya Assumpta Matei na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi zimepata kuwa katika orodha hiyo ya mitihani. Kitabu teule husomwa kwa sababu ya mtihani, na mtihani ukiisha huwekwa kando. Aliyekwisha kukisoma chote simuni hana sababu ya kukinunua baadaye. Hapa nakala ya bure haimwiti mnunuzi; inachukua nafasi yake.

Atatokea mwenye kupinga, aseme kwamba mwanafunzi huyo hana fedha, hivyo mtunzi hakupoteza mauzo ambayo yasingekuwapo. Hoja hii ina nguvu, na hatuwezi kumwita mwizi mtoto anayetafuta elimu kwa njia pekee aliyo nayo. Walakini haitoshi. Faili ile ile humfikia pia mwenye uwezo wa kununua, naye hujificha nyuma ya dhiki ya mwenzake. Zaidi ya hayo, soko la shule ndilo tegemeo kuu la mtunzi wa Kiswahili nchini Kenya. Likivuja hapo, hana kwingine kwa kukimbilia.

Je, mzigo huu aubebe nani? Kumtwika maskini ni dhuluma, na kumtwika mtunzi ni dhuluma pia. Tukumbuke kwamba sheria ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ilhali mrabaha wa mtunzi aghalabu haupiti sehemu ya kumi ya bei. Kwa bei ya namna hiyo, serikali hupata katika kila nakala zaidi ya aliyeitunga, kisha tunashangaa kwamba mzazi wa Mikinduri hanunui.

Nchi nyingine zimeonyesha njia. Denmark ilianza mwaka 1946, na Uingereza ikapitisha sheria yake mwaka 1979: mtunzi hulipwa kutoka mfuko wa umma kwa sababu vitabu vyake huazimwa maktabani. Msomaji hasomi kwa malipo, wala mtunzi haandiki kwa sadaka. Utaratibu wa aina hii waweza kupanuliwa hadi kwenye nakala za kielektroniki za vitabu teule, ili shule izigawe kwa idhini na kwa malipo yatokayo hazina ya umma.

Kwa hiyo, usomaji wa bure hunufaisha mauzo pale unapoalika, na huyadhuru pale unapochukua nafasi ya ununuzi. Lakini hata pale unaponufaisha, faida hiyo haimpi mtu mwingine haki ya kugawa asichokitunga. Na hata pale unapodhuru, mtunzi hakosei akiamua kutoa kazi yake bure. Haki imo katika ridhaa, na ridhaa ya mtunzi haina maana ikiwa jamii inayomsoma imemwachia njaa kuwa fungu lake.