Kulisha Si Kutunza

Mtu wa Kinoru, mjini Meru, amefuga samaki katika tangi la kioo, na samaki amekataa chakula. Je, akishamtilia chakula ametimiza wajibu wake?

Hapana. Kinoru i mlimani, na maji yake ni baridi kuliko yetu ya pwani. Wafugaji wa perege, waliozidi tangu 2009 serikali ya Kenya ilipogharimia mabwawa, wajua kwamba joto la maji likishuka chini ya nyuzi 20 samaki hula kidogo mno. Klorini ya maji ya mfereji humdhuru vilevile, na kioo kikigongwa huingiwa na hofu. Amzidishiaye chakula amzidishia dhiki, kwani kisicholiwa huoza kikazaa sumu ya amonia.

Dawa ni kumwacha siku moja au mbili bila chakula, kuondoa masazo, na kubadilisha robo ya maji kwa maji yaliyolala wazi siku nzima, yenye joto sawa na ya tangini.

Twaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Zingatia, dhima ilianzia penye kufunga. Samaki wa mtoni akiudhiwa na maji huhama. Wa tangini hana pa kuhamia. Basi aliyemwondolea hiari amejitwika hali yake yote, si tumbo lake tu. Na mwenye mtoto au mgonjwa nyumbani, naye alipime jambo hili.

Wallahu aalam.