Kovu la mtoto ni jambo dogo?

Hapa Buyenzi, mtoto akianguka akapasuka shavu, utasikia wakubwa wanasema: "Tumekimbia vita, kovu nayo ni kitu gani?" Mimi nakataa hesabu hiyo. Anayesema kovu ni dogo siye atakayelibeba. Mtoto wa miaka 3 atakua nalo shuleni, kwenye kioo, kwenye picha ya kitambulisho.

Tena kulipunguza hakutaki utajiri. Osha kidonda kwa maji safi mengi. Usitie majivu wala dawa ya meno. Kama kimeachama, mpeleke kushonwa siku hiyohiyo. Nyuzi za usoni hutolewa mapema, kama siku 5 hivi. Kisha paka vazelini, funika, kisikauke. Kikishafunga, mvalishe kofia, ju jua la Bujumbura hulitia kovu weusi, na kovu huchukua mwaka hivi kutulia.

Basi mama akiuliza kama uso utarudi, tusimwambie ana makuu. Tulikimbia ili watoto waishi vizuri, na uso ni sehemu ya maisha hayo. Na kovu likibaki? Tumwite mtoto kwa jina lake, tusimwite "Kovu".