Alama Usoni mwa Mtoto

Mzazi ambaye mtoto wake amezaliwa na baka jekundu usoni huja na swali, ibada ikiisha, kwa sauti ya chini: kuliondoa si kumsahihisha Muumba?

Kwanza tulifahamu baka lenyewe. Halitokani na kupatwa kwa mwezi wakati wa mimba, wala si laana ya ukoo. Ni mishipa midogo ya damu iliyopanuka ndani ya ngozi; watoto 3 hivi katika kila 1,000 huzaliwa nalo. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa chanzo chake ni badiliko la jeni linalotokea mtoto akiwa tumboni, lisilorithiwa. Mama hakukosa neno. Katika Yohana 9 wanafunzi walimtafuta mwenye dhambi, na Yesu akalikataa swali lenyewe.

Tiba ni leza, mwanga unaoiunguza mishipa hiyo. Lakini weusi wa ngozi yetu nao huunyonya mwanga huo, na ngozi yaweza kubabuka ikabaki na doa jipya. Ndiyo maana vipimo vya picha vinatuhusu sana sisi: vikionyesha kina na upana wa mishipa, daktari huchagua nguvu ya mwanga bila kubahatisha. Na baka likiwa kwenye paji la uso au kope, hupimwa pia presha ya jicho na kupigwa picha ya ubongo, maana laweza kuandamana na kifafa au upofu. Hapo, ndugu zangu, si habari ya urembo tena.

Mwaka 1527, akimwandikia Johann Hess juu ya tauni, Luther aliwaonya wanaodharau dawa kwa jina la imani. Kwake huko ni kumjaribu Mungu. Basi kutibu si dhambi.

Ugumu uko kwingine. Leza mara nyingi hufifisha tu, tena kwa kurudi mara nyingi, na hufaa zaidi mapema, kabla mtoto hajaweza kuulizwa. Chuo cha magonjwa ya ngozi kiko pale KCMC, Moshi, na kufika huko kunahitaji nauli. Kwa kope na paji ningesema nendeni mkapime, na ushirika uchange nauli. Kwa baka la shavuni tu, ningemwuliza mzazi kwanza: aibu unayotaka kuiondoa ni ya mtoto, au ni yako? Jibu lolote halimzuii kwenda. Ila watoto wanaomtania njiani ni wa Shule yetu ya Jumapili, na hao twaweza kusema nao wiki hii.