Ujira Ukishalipwa, Deni Limekwisha?



Kaka yangu ni fundi wa magari Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura ambao kila mwenye gari bovu anaujua. Miaka tisa alifanya kazi katika garaji moja. Mwenye garaji alikuwa mtu mwema. Kila Jumamosi alasiri aliwalipa mafundi wake wote saba, wala hakumpunja mtu hata faranga moja. Kisha Jumamosi moja aliwaambia kuwa ameuza kiwanja na zana zote, akawalipa wiki yao, akawaombea kheri. Jumatatu kaka aliamka kwa mazoea, akavaa ovaroli, akakaa barazani mpaka adhuhuri.

Siku ile nilijiuliza: je, kaka amedhulumiwa? Nasoma uchumi, na fiqhi nimesoma kidogo madrasa. Kote kuwili jibu lilikuwa hapana. Mkataba wao ulikuwa wa ujira, na ujira umelipwa. Mwenye mali ana haki ya kuuza mali yake. Hata hivyo, wateja hawakuwa wakifuata kiwanja pale, walifuata mikono ya mafundi. Jina zuri la garaji lilijengwa na watu wengi kwa miaka mingi, likauzwa na mtu mmoja kwa siku moja. Kama hakuna haramu iliyotendeka, mbona moyo wangu haukutulia?

Nadhani ni kwa sababu tumezoea kuishia kwenye Hadithi ya ujira na jasho, ambayo sote tunaijua. Tunaihubiri, na ni haki tuihubiri, maana wasiolipwa bado ni wengi. Lakini kulipa ujira kwa wakati ni mwanzo wa wema, si mwisho wake.

Tutazame Madina. Muhajirina walipofika mikono mitupu, Ansari walimwomba Mtume (s.a.w.) agawe mitende yao kati yao na ndugu zao. Akakataa. Ndipo wakaja na shauri jingine: Muhajirina washike kazi ya mashamba, na matunda wagawane. Wote wakaridhia. Habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Muhajirina hawakukaa kungoja sadaka, wala hawakufanywa vibarua wa kutwa. Walifanywa washirika.

Haya nilimsimulia kaka na wenzake, kwa kuwa nao walikuwa na wazo lao: wachange, wanunue zana, wakodi kiwanja, na garaji iwe ya wanaofanya kazi humo. Tulikwenda kwa ustadhi wetu wa msikitini, naye akatufundisha jambo nisilolijua. Upo ushirika wa kazi peke yake, ambao mafundi hawachangi mali ila hugawana wanachokipata. Wanazuoni wa Hanafi, Maliki na Hanbali wameuruhusu, na hutaja habari ya Ibn Mas'ud, Ammar na Sa'd walivyoshirikiana katika watakachokipata siku ya Badri. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i, ushirika huo haukubaliki.

"Basi changeni mali," akasema Ustadhi, "muichanganye mpaka isijulikane ipi ya nani. Faida na hasara ziende kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja."

Wakakata shauri kila mtu achange sawa ili wagawane sawa.

Neno hasara ndilo lililopunguza watu. Saba wakawa wanne. Siwalaumu waliojitoa. Mmoja wao ana watoto watano, akasema, "Nikikosa Jumamosi moja tu, nyumbani hawali." Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Mwajiriwa hapati faida kwa sababu habebi hasara. Anayetaka kula matunda ya mtende lazima akubali na mwaka usiozaa.

Jambo hili limekwisha jaribiwa kwa kiasi kikubwa. Katika mji wa Mondragón, kaskazini mwa Hispania, kasisi mmoja Mkatoliki, José María Arizmendiarrieta, alianzisha shule ya ufundi mwaka 1943. Mwaka 1956 vijana watano waliosomea pale wakaanzisha kiwanda ambacho wafanyakazi ndio wenye mali, na kila mwanachama ana kura moja, cheo chake kiwe chochote. Leo ushirika ule una wafanyakazi zaidi ya 60,000, ingawa si wote walio wanachama. Haukusalimika na misiba. Mwaka 2013 kampuni yao ya vyombo vya umeme, Fagor, iliyotokana na kile kiwanda cha kwanza, ilifilisika, na wanachama wakapoteza fedha walizoweka humo. Lakini wengi wao walipokewa na vyama vingine vya ushirika huohuo. Hasara iliwapata, ila haikumwacha kila mmoja peke yake barazani.

Garaji ya kina kaka ina mwaka mmoja na nusu sasa. Sitaki kuwapamba. Wamegombana kwa ajili ya anayechelewa, na mwezi wa pili walipata kodi ya kiwanja na kitu kidogo tu. Lakini daftari liko wazi juu ya meza, na kila Alhamisi wanalisoma pamoja. Mwezi ule mbaya walikubaliana kujipunguzia ili kijana anayejifunza kazi kwao, yatima wa mtaani, asikose chakula cha mchana. Yule mwenye watoto watano wamemrudisha kwa ujira wa wiki, naye anaweka akiba kidogo kidogo ili atimize mchango wake.

Yule mwenye garaji wa kwanza alikuwa mwema, lakini wema ule ulikuwa mikononi mwake peke yake. Aliondoka, ukaondoka naye. Sisi hapa jumuiyani hatumchagui amiri wetu bila shura. Kwa nini tuone ni sawa mtu atoe miaka tisa ya umri wake mahali ambapo hata siku moja haulizwi neno?

Qur'ani yenyewe inatuonya kwamba washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Kwa hiyo sisemi ushirika ni njia rahisi. Unataka amana kuliko mtaji.

Tukikaribia kuhitimu, wengi wetu huuliza: nani ataniajiri? Wenye tamaa kubwa huuliza: nitawaajiri wangapi? Mimi kaka amenifundisha swali la tatu, na nimeanza kuweka akiba kwa ajili yake: nitashirikiana na nani?

Wabillahi tawfiq.