Vijiko Vingapi?

Mgeni akiandaliwa chai katika nyumba zetu, kabla kikombe hakijafika mkononi mwake huulizwa: nikutilie sukari vijiko vingapi? Swali hilo tumelizoea hata hatulisikii tena, lakini ndani yake mna adabu nzima. Mwenyeji ndiye mwenye birika, ndiye mwenye kopo la sukari, na angeweza kukoroga apendavyo yeye. Hata hivyo anatambua kwamba mwili utakaoipokea chai ile si wake. Muuza kahawa wa barazani amekwenda mbali zaidi. Anakumiminia kahawa chungu katika kikombe kidogo, na kashata anaiweka kando. Ukitaka utaitafuna, usipotaka utaiacha.

Adabu hiyo hunijia akilini kila linapozuka suala la kudhibiti vitamu bandia katika vyakula na vinywaji. Mijadala ya siku hukimbilia saratani, panya wa maabara na vifungu vya kanuni, na vyote hivyo vina nafasi yake. Ila chini yake liko jambo la zamani kuliko maabara yoyote: ni nani aliyetia utamu katika kinywaji changu, na je, aliniuliza?

Vitamu hivi vyenyewe viligunduliwa na watu ambao hawakuwa wakivitafuta. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg, mkemia aliyefanya kazi katika maabara ya Ira Remsen kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliketi kula bila kunawa vizuri, akaona mkate una utamu wa ajabu. Utamu ulitoka mikononi mwake. Ndiyo sakarini hiyo, inayoipita sukari kwa utamu takriban mara 300. Mwaka 1937 Michael Sveda aliirudisha sigara mdomoni akiwa maabara, akaikuta tamu. Hapo ikapatikana siklameti. Mwaka 1965 James Schlatter alilamba kidole ili aokote karatasi, akakutana na aspatemu. Bibi zetu, waliotuzuia kugusa sahani kabla ya kunawa, wangekuwa na la kusema kuhusu wasomi hawa. Lakini angalau kila mmoja wao alionja mwenyewe, tena kwa bahati tu. Waliokuja baadaye waliwaonjesha wengine, tena kwa kukusudia.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1908 kinachostahili kukumbukwa. Harvey Wiley, mkemia mkuu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na mpiganiaji mkubwa wa sheria ya vyakula ya mwaka 1906, alikuwa Ikulu mbele ya Rais Theodore Roosevelt, pamoja na wenye viwanda vya chakula. Mmoja wao akaeleza kwamba kampuni yake iliokoa dola 4,000 kwa kutia sakarini badala ya sukari katika mahindi ya kopo. Wiley akadakia: kila aliyeyala mahindi yale amedanganywa, kwani alidhani anakula sukari, na tena kitu chenyewe kina madhara. Roosevelt, ambaye daktari wake alikuwa akimpa sakarini kila siku, alighadhibika. Anayesema sakarini ina madhara, alijibu, ni mpumbavu. Baada ya hapo rais aliunda jopo la wataalamu, na mwenyekiti wake akawa Remsen, yule yule ambaye sakarini ilizaliwa katika maabara yake.

Tutazame alichosema Wiley. Alitamka mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba watu wanadhurika na kwamba watu wanadanganywa. La kwanza hakuwa na ushahidi wa kutosha, na ndilo lililomponza. La pili lilikuwa kweli tupu, na rais hakuligusa.

Zaidi ya miaka 100 imepita, nasi bado tumekwama kwenye lile la kwanza. Mwaka 1977 serikali ya Marekani ilikusudia kupiga sakarini marufuku kwa sababu panya waliolishwa kwa wingi walipata uvimbe wa kibofu. Wananchi walipinga, wenye kisukari wakiwa mstari wa mbele. Bunge likaizuia marufuku hiyo na badala yake likaagiza onyo liandikwe, onyo ambalo nalo liliondolewa baada ya kubainika kwamba yaliyowapata panya hayamhusu binadamu. Julai 2023, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Siku hiyo hiyo, kamati ya wataalamu wa viongeza vya chakula ikasema kikomo cha zamani, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, hakina haja ya kubadilishwa. Msomaji wa kawaida afuate lipi? Sayansi hupima, hujikosoa, hupima tena; hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mwenye kiwanda hahitaji kusubiri maabara ili ajue kilichomo. Aliyetia anakijua alichotia tangu siku aliyokitia.

Wala tusiwe wepesi wa kulaani. Namfahamu mzee mmoja mwenye kisukari ambaye kila asubuhi hufungua kikopo kidogo, akatoa vidonge viwili visivyozidi punje ya mtama, akavidondosha ndani ya chai ya rangi. Vinatoa povu, vinazunguka, vinayeyuka. Kisha anakunywa taratibu akiwa amefumba macho, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokwisha kukiaga. Ni nani atakayemnyang'anya kikopo kile? Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2023, ulioshauri watu wasivitegemee vitamu hivi kupunguza uzito, haukuwagusa wale ambao tayari wana kisukari. Na sukari yenyewe si malaika. Tofauti ni kwamba mzee huyu anavihesabu vidonge vyake: viwili, basi. Yeye ni mwenyeji na mgeni kwa wakati mmoja.

Sasa twende nje ya shule wakati wa mapumziko. Mtoto ananunua kinywaji chekundu katika kifuko, anang'ata pembe ya nailoni, anafyonza hadi ulimi unageuka rangi. Ladha ni ya tunda ambalo halikuwahi kuwamo. Kama kimetiwa utamu bandia, nani amemhesabia? Kwa kikomo kile cha aspatemu, mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo tisa hadi 14 ya soda ya aina hiyo kwa siku ndipo avuke. Mtoto wa kilo 15, kwa hesabu hiyo hiyo, anafika kwa makopo mawili au matatu. Na liko lisilopimika kwa miligramu. Mchovya asali hachovyi mara moja, na ulimi uliolelewa katika utamu mkali usiokoma huliona embe la kawaida kuwa halina ladha. Je, tunamlea mtoto wa namna gani tunapomfundisha kwamba kila kitu lazima kiwe kitamu?

Kishawishi nacho ni kikubwa. Sukari inapoadimika na bei kupaa, kama ilivyotokea Tanzania mwanzoni mwa 2024, chembe ya unga inayofanya kazi ya kilo nzima humvutia mtengenezaji. Vyombo vya kumsimamia vipo. Tanzania, jukumu la usalama wa chakula lilihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019; Kenya wana KEBS, Uganda wana UNBS. Orodha na vikomo vya kimataifa vipo pia. Ila mara nyingi ukigeuza chupa unakuta herufi ndogo kuliko ufuta, za lugha ya kigeni, na namba kama E951 au E954. Mwandishi wake anaweza kuapa kwamba amesema ukweli, na mama aliyemnunulia mwanawe asijue lolote. Mexico, tangu 2020, wameamua vingine: bidhaa yenye vitamu hivi hubeba mbele yake onyo jeusi la maneno ya lugha yao, kwamba haiwafai watoto.

Mwenye kiwanda hawezi kutuuliza mmoja mmoja vijiko vingapi. Basi na aandike alichotia na kiasi chake, mbele ya chupa, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mzee wa vidonge viwili atazisoma bila miwani. Asipotaka mwenyewe, sheria imlazimishe.