DENI LA ALIYEKUFUNZA KAZI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ndugu Waislamu wa Butembo na Beni, nawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mungu.

Bibi Khadija (r.a.), kabla ya kuolewa na Mtume, alikuwa tajiri wake: alimpa mali akafanye biashara Sham. Alipofariki, Mtume hakumsahau. Akichinja kondoo, alikuwa akikata vipande na kuwapelekea rafiki za marehemu, hata Bibi Aisha (r.a.) akaona wivu juu ya mtu aliyekwisha kuzikwa. Angalieni: ukumbusho ule ulikuwa nyama, ulifika mlangoni mwa watu.

Na wewe, nani alikufunza kazi? Hapa Butembo wengi walianza na mali ya mkubwa fulani, vitenge au vipuri vya pikipiki, bila karatasi: “Uza kwanza, utanilipa.” Leo amefariki. Kwenye matanga tunalia na kusema alikuwa baba yetu. Je, mali yake? Deni halikuzikwa naye, ni haki ya warithi. Wasipolijua, ndiyo jambo zito zaidi, kwa sababu shahidi ni wewe na Mola wako tu.

Sisi wa mimbari nasi tunadaiwa. Jumamosi tarehe 1 Mei 2021, mwezi wa Ramadhani, ndugu yetu katika kazi hii, Sheikh Ali Amini, alipigwa risasi ndani ya msikiti mjini Beni, wakati wa swala ya jioni. Tarehe 18 ya mwezi huohuo akauawa Sheikh Moussa Djamali. Sheikh Ali alikuwa akikemea hadharani mauaji ya ADF, na watu wa Beni walikuwa wakizika wafu wao, Wakristo na Waislamu, tangu Oktoba 2014. Msikiti hauna mlinzi wa kupekua watu, na anayesimama mbele huwapa mgongo wote waliomo. Alisema hivyo hivyo. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Kumtaja kwenye dua ni vizuri, lakini haitoshi. Mzazi, akija mtu na kumwahidi mwanao kazi nzuri mbali, au masomo ya dini mahali asipotaka kupataja, uliza: ni chuo gani? Sheikh wake nani? Nani amewahi kurudi kutoka huko? Akikasirika, umekwisha kujibiwa. Njoo utuambie, usinyamaze kwa kuona haya kwamba mgeni anasali vizuri.

Leo baada ya swala, mwenye deni la marehemu ambaye anaona vigumu kwenda peke yake kwa wajane na watoto, abaki. Tutakwenda naye na mashahidi wawili. Asiye na pesa zote aje na alichonacho.

Wabillahi tawfiq.