Furaha Huanzia Moyoni

Watu wengi hudhani kuwa furaha ni kitu kitokacho nje. Utamsikia mtu akisema: "Lau ningalipata nyumba kama ya fulani, ningalistarehe." Huipata nyumba ile, na baada ya siku chache roho yake ikahangaikia kitu chengine. Mwengine hukopa kwa ajili ya harusi ya bintiye ili majirani wasimcheke. Harusi huisha kwa siku tatu, na deni likabaki miaka. Je, huyu alitafuta furaha, au alitafuta macho ya watu?

Na tumtazame Imam Ghazali. Mwaka 1091, hata hajafika umri wa miaka 40, alipewa kazi ya kusomesha katika madrasa ya Nidhamiyya mjini Baghdad. Jaha alikuwa nayo, na wanafunzi walikuwa tele. Lakini alipoichungua nia yake aliona kuwa anasomesha kwa kutaka cheo na sifa. Dhiki ikamshika, na mwaka 1095 ulimi wake ukafungika hata asiweze kutoa darasa. Akaiacha kazi ile, akasafiri Sham, Baitul Muqaddas na Makka.

Basi, je, furaha ni kuwakimbia watu? La. Mwaka 1106 alirejea kusomesha, mjini Nishapur. Kazi ilikuwa ni ile ile. Kilichogeuka ni nia. Na baada ya kutoka Baghdad alitunga kwa Kiajemi kitabu alichokiita Kimiya ya Saada. Kimiya ni ile elimu ambayo watu wa kale waliitaraji kugeuza shaba kuwa dhahabu. Naye alionyesha kuwa kinachofaa kugeuzwa ni moyo.

Lakini hapa yapasa tutahadhari. Wako wanaoufanya ukinaifu kuwa pazia la uvivu: mtoto hakusomeshwa, taka zimejaa mlangoni, nao husema, "Ndivyo tulivyoandikiwa." Wako na wanaomzuilia kibarua ujira wake, kisha wakamhubiria subira. Kumwambia mtu huyu "Ridhika tu" ni kumdhulumu mara ya pili. Kukinai ni kwa fungu lako wewe, si kwa haki ya mwenzio iliyoliwa.

Wala asilaumiwe mwenye msiba kwa kuwa hana furaha. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Huzuni si upungufu wa imani.

Basi, ndugu msomaji, unapoona moyo wako una dhiki, uulize: hili linalonisumbua, ni dhulma au upungufu ninaoweza kuuondoa? Kama ni hivyo, inuka uuondoe. Au ni kwa kuwa fulani amepata na mimi sikupata? Kama ni hilo, hapana fundi wa kukutengenezea ila wewe mwenyewe. Anza kuhesabu ulichonacho, na kazi uliyo nayo ifanye kwa nia njema. Tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.